Kungoja Chini ya Mlima

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba niseme juu ya sayansi ya siku hizi, kwa maneno ambayo hata wale waliokimbia fizikia kidato cha pili watayafahamu. (Kicheko.) Nitajaribu.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa kidato cha tatu, katika maabara ile pale, tulipewa jiwe na uzi tupime nguvu ya mvutano wa dunia. Mimi sikupima. Niliandika jibu la kitabuni, nikatulia. Mwalimu alilitazama daftari, akachana ukurasa, akasema jibu langu ni sahihi mno. Nilipima upya jioni ile nikiwa peke yangu, nikapata jibu baya, naye akanipa alama nzuri.

Sasa twendeni Italia. Chini ya mlima Gran Sasso, kando ya handaki la barabara kuu, zimechongwa kumbi za maabara. Juu yake kuna mwamba wa mita 1,400. Humo wanasayansi wa jaribio liitwalo CUORE wanangoja kiini cha atomi kivunjike.

Atomi wanazozitazama ni za teluriamu-130. Mara chache mno, nyutroni mbili katika kiini chake hugeuka kuwa protoni kwa pamoja, zikitoa elektroni mbili na antinyutrino mbili. Nusu ya atomi hizo huhitaji mamia ya mabilioni ya mabilioni ya miaka kubadilika, na ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8 tu. Lakini wanachokitafuta hasa ni adimu zaidi: elektroni mbili zitoke bila antinyutrino yoyote. Wakikiona, itakuwa nyutrino na antinyutrino ni kitu kimoja, kama alivyowaza Mwitalia Ettore Majorana mwaka 1937. Huenda hapo ndipo tutakapoelewa kwa nini ulimwengu una maada, na sisi tukiwamo.

Mtaniuliza, nani ataishi miaka hiyo yote? Jibu ni hili: mwenye kutaka kuona embe likianguka usiku wa leo hakeshi chini ya mwembe mmoja, huenda shamba zima. Wao wamekusanya fuwele 988, zenye uzito wa kilo 742. Wamezipoza hadi karibu sehemu moja ya mia ya digrii juu ya baridi ya mwisho kabisa. Kiini kikivunjika, fuwele hupata joto kidogo sana, na kipimajoto hulisoma.

Shida ni kelele. Chembe zitokazo angani hutunyeshea mchana na usiku; kila sekunde moja hivi hupita katika kiganja chako. Mwamba huzuia karibu zote. Lakini mawe nayo hutoa miale, hata ndizi mliyokula asubuhi, kwa sababu ya potasiamu yake. Kinga nzuri ni risasi, ila risasi iliyochimbwa karibuni ina miale yake yenyewe. Basi walitumia risasi ya Warumi, iliyotoka katika jahazi lililozama karibu na Sardinia yapata miaka 2,000 iliyopita. Kwa muda huo miale ile imekwisha.

Wamepata nini? CUORE ilianza kukusanya takwimu mwaka 2017. Mwaka 2022 walitangaza kwamba hawajaona kitu, na kwamba kama tukio hilo lipo, muda wake unazidi miaka 22 ikifuatiwa na sifuri 24.

Msicheke. Mwaka 2001, baadhi ya wanasayansi waliotumia jerimani katika mlima huo huo walitangaza kwamba wameliona. Wenzao hawakuwatukana, wala hawakuwashangilia. Walijenga chombo safi zaidi, GERDA, wakapima upya. Mwaka 2013 walisema dai lile halikuthibitika. Mwaka 2020 walimaliza kazi bila kuliona. Fikirini kama wangeandika lile lililotarajiwa! Vitabu vya watoto wetu vingebeba uongo, na hakuna ambaye angejua.

Ndugu Mwenyekiti, nimetembelea maabara yetu asubuhi. Mizani mbili hazifanyi kazi, na saa za kupimia hazipo. Vijana wa kidato cha tatu waliniambia kwamba wananakili majibu kutoka vitabuni, kwa kuwa hawana cha kupimia. Mimi nilinakili kwa uvivu, wao wanalazimishwa. Kwa hiyo naomba mchango wa leo uanzie huko, kabla ya rangi ya ukumbi. Mimi natoa bei ya mizani moja. Nani atatoa ya pili?