Jina la Ugonjwa na Haki ya Mgonjwa
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Kendwa, Unguja)



Ndugu wapendwa, tumezoea kufikiri kwamba haki huvunjwa kwa rungu, kwa rushwa au kwa hati ya shamba iliyoghushiwa. Leo napenda tutazame namna nyingine, iliyo ya kimya zaidi: haki huweza kuvunjwa kwa neno moja tu la taarifa ya habari.

Wazee wetu waliotoka Kagera wanakumbuka jinsi UKIMWI ulivyoingia huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu waliuita "Juliana", jina la nguo za fasheni zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Tazameni kazi ya jina hilo. Lilimnyoshea kidole mchuuzi na mwanamke aliyependa kuvaa vizuri. Yule asiyevaa Juliana akajiona yu salama. Jina lilimtaja mtu wa kulaumiwa, lisitaje njia ya maambukizi.

Mwaka 2020 tuliyaona tena. Tarehe 11 Februari Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina la COVID-19, jina lisilotaja nchi wala taifa, ili watu wa mahali fulani wasibebeshwe aibu. Hata hivyo, Rais Donald Trump wa Marekani aliendelea kuviita "virusi vya China", na vyombo vya habari vikayasambaza maneno yake. Sisi wa Kendwa, ambao wengi wetu tunakula kwa jasho la hotelini, tunapaswa kutambua hatari ya lugha hiyo: leo analaumiwa Mchina, kesho mgeni yeyote apitaye ufukweni, na keshokutwa mhudumu aliyetandika kitanda chake.

Kuna pia neno lifichalo. Baada ya Mei 2020, takwimu za wagonjwa hazikutangazwa tena nchini kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo zilikataza kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Ndipo likazoeleka lile neno "changamoto ya kupumua". Waandishi hawakusema uongo. Marehemu kweli alishindwa kupumua. Lakini waliomuuguza hawakuambiwa kwamba nao wamo hatarini, na waombolezaji walibanana msibani bila tahadhari.

Wapo waliothubutu kutaja. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki liliwatahadharisha waamini juu ya wimbi jipya. Machi mwaka huohuo, Katibu Mkuu wake, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Hapa Zanzibar, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza waziwazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ameambukizwa korona; alifariki tarehe 17 Februari 2021. Kutaja ugonjwa hakukumvunjia heshima. Kuliwapa walio hai nafasi ya kujikinga. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Basi tufanye nini? Kila habari ya maradhi itufikiapo, kwa redio au kwa simu, tujiulize maswali matatu. Kwanza, je, habari hii inataja ugonjwa, au inamtaja mtu wa kuchukiwa? Pili, nani amesema, naye amejuaje? Tatu, je, inanifundisha la kutenda, au inanitia hofu tu, ama kunilaza usingizi? Isiyojibu maswali hayo tusiipeleke mbele.

Nanyi viongozi wa jumuiya ni watangazaji pia. Mnapotoa tangazo la msiba au kuomba sala kwa ajili ya mgonjwa, chagueni maneno kwa uangalifu. Siri ya mgonjwa ni mali yake, wala si ruhusa kuitangaza bila ridhaa yake. Lakini hatari inayowakabili jirani zake ni haki yao kuijua. Kuyatunza mambo hayo mawili kwa pamoja, bila kumwaibisha mmoja wala kumdanganya mwingine, ndiyo Amri ya Nane katika siku za maradhi.