Mtoto wa Kidato cha Sita na Mlango wa Chuo Kikuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama, Kariakoo, Dar es Salaam)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme habari za vyuo vikuu, nilitaka kukataa. Mimi si mwalimu. Kazi yangu tangu ujana ni majalada na barua. Lakini nikakumbuka ya kuwa kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, wenzangu wengi hunijia na swali hili, "Mzee, je, mtoto wangu ataingia?" Nami huwajibu kwa haraka, kama mtu ajuaye. Mmoja kati ya wale niliowajibu kwa haraka ni mtoto wa dada yangu, na habari yake nitaieleza hapa bila kuficha, ijapokuwa yanitia haya.

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Mtumishi wa Serikali wa zamani aliyekuwa na mtoto hodari hakuwa na chuo kikuu nchini humu. Chuo kilikuwa Makerere, Uganda, kilichoanza mwaka 1922 kwa kufundisha ufundi, na mwaka huo huo Martin Kayamba na wenzake waliunda Tanga chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali. Kijana wa Tanganyika alipitia Tabora au Minaki, kisha wachache sana wakavuka kwenda Makerere. Mwalimu Nyerere alisoma huko tangu 1943 hata 1945, ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Chuo chetu kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kabla ya Uhuru kwa majuma machache, tena hakikufunguliwa mbali na hapa tulipoketi. Kilianza katika jengo la TANU, mtaa ambao leo waitwa Lumumba, kikifundisha sheria tu, na wanafunzi wake wa kwanza hawakufika ishirini. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kila nipitapo mtaa ule, katikati ya mikokoteni na wauza viatu, huwaza jinsi mlango ule ulivyokuwa mwembamba.

Leo vyuo ni vingi, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani mlango umekuwa mpana kila mahali. Hapo ndipo tukoseapo.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika mtihani wa Kidato cha Sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Tume ya Vyuo Vikuu imeweka kiasi cha chini kwa shahada ya kwanza: masomo mawili yahusuyo shahada ile, yenye jumla ya pointi 4. Basi mtoto mwenye D mbili ana ruhusa ya kuomba. Angalieni neno hilo, Mabwana: ruhusa ya kuomba. Karani aliyetimiza masharti ya tangazo la kazi bado hajapata kazi. Sisi sote twalijua hilo, wala hatuhitaji kufundishwa. Lakini ikiwa ni mtoto wetu, tulisahau jambo hilo upesi.

Kwa udaktari masharti ni makali zaidi. Hutakiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, zisizopungua pointi 8, na katika Kemia na Baiolojia asishuke chini ya C. Sasa Muhimbili, pale Upanga, ambapo masomo ya utabibu yalianza mwaka 1963, huombwa na watoto hodari wa nchi nzima. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, wenye pointi nyingi huchukuliwa kwanza. Mwana wa jirani yangu alipata C, C na D, pointi 8 kamili. Mamaye alipika pilau mtaa mzima ukala. Hakuchukuliwa Muhimbili, na hapana aliyemdhulumu. Kiasi cha chini alikuwa nacho, bali wenye zaidi yake walikuwa wengi.

Mpwa wangu habari yake ni nyingine, tena ni mbaya zaidi, maana kosa ni langu. Alipomaliza Kidato cha Nne aliniambia, "Mjomba, nataka kuwa daktari, lakini Fizikia yanitisha." Nami, bila kufungua kitabu chochote, nikamwambia, "Mwanangu, chukua Kemia, Baiolojia na Jiografia. Daktari afanya nini na Fizikia?" Akanitii. Akasoma kwa bidii miaka miwili, akapata B ya Kemia, A ya Baiolojia na A ya Jiografia. Hizo ni pointi 14. Amempita mwana wa jirani kwa pointi sita, naye hata ruhusa ya kuomba udaktari hakuwa nayo. Alipofahamu hakunilaumu. Alikaa barazani akikunja na kukunjua ile karatasi ya matokeo, akaniuliza kwa upole, "Mjomba, ulisoma wapi?" Sikuwa na jibu, maana sikusoma popote.

Kwa hiyo nawaambieni Wanachama wenzangu ya kuwa swali lenu mwaliuliza kwa kuchelewa. Mwaniuliza mwezi wa Julai baada ya Kidato cha Sita, hali sehemu kubwa ya jibu ilikwisha andikwa siku mtoto alipochagua masomo ya Kidato cha Tano. Tume hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo, nacho huonyesha kila shahada katika kila chuo, masharti yake, na idadi ya nafasi. Wengi husoma masharti wakaacha ile safu ya nafasi. Mimi nasema ile safu ndiyo ya kuanzia.

Jambo jingine dogo, lakini limewaumiza wengi hapa Kariakoo. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa kwa kila chuo chenyewe, kwa mtandao. Mzazi humpeleka mtoto steshenari, kijana wa pale humjazia, na kwa wepesi huandika namba yake mwenyewe ya simu. Mtoto akichaguliwa na vyuo viwili hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Namba yaenda kwa kijana wa steshenari, naye siku hiyo yuko safarini. Karani wa miaka thelathini asiyekubali barua ya ofisi iende bila nakala, mbona amwachia mtu asiyemjua barua ya maisha ya mwanawe?

Na mkopo ni ombi la pili, lipelekwalo kwa Bodi ya Mikopo. Kupata chuo si kupata mkopo.

Wako watakaosema kuwa pointi si kipimo cha mtu. Nakubali. Baada ya Azimio la Musoma mwaka 1974 nchi hii ilijaribu kipimo kingine: kijana alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apewe ushuhuda wa mwajiri na wa tawi la chama. Jambo lile lilikuwa na heshima yake, ijapokuwa ushuhuda nao waweza kuandikwa kwa urafiki, na sisi tuliozoea kuandika barua za namna hiyo twajua.

Mpwa wangu hakukata tamaa. Fizikia ya Kidato cha Nne alikuwa ameifaulu, hivyo ameingia stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Akiimaliza kwa alama nzuri aweza kuomba udaktari kwa njia hiyo. Ni njia ndefu, na mimi ndimi niliyeirefusha.

Kitabu cha mwongozo nimekichapisha, nimekiacha kwa Katibu. Jumamosi, saa nne asubuhi, nitakuwa mezani pake. Wenye watoto wa Kidato cha Nne waje kwanza, na watoto wenyewe waje nao.