Mtoro ni Nani, Mtoto au Mzazi?

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya utoro shuleni. Tukitaja mtoro, wengi wetu humfikiria yule mtoto anayejificha vichochoroni na sare yake hadi saa ya kurudi nyumbani. Huyo yupo, na walimu wanamjua. Leo sina neno naye. Ninaye yule anayekosa shule kwa ruhusa ya mzazi wake.

Nianze na mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita msichana wetu wa kazi aliaga Jumapili jioni, akaenda kwao. Jumatatu mama watoto alikuwa na kazi, nami nilikuwa na kipindi. Tukamwambia binti yetu wa darasa la tano abaki na mdogo wake, "siku moja tu." Kaka yake wa darasa la sita hatukumgusa, hata hatukufikiri juu yake. Siku moja ikawa siku tatu.

Alhamisi jioni nilimkuta binti analia juu ya daftari la hesabu. Wenzake walikwisha kufundishwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Yeye alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na kila jibu lilikuwa kosa. Nikamwambia ni mzito wa kuelewa. Kumbe mzito nilikuwa mimi.

Hapo ndipo wazazi tunapokosea. Tunadhani mtoto akikosa Jumanne amepoteza Jumanne. La hasha! Somo la Jumatano limejengwa juu ya lile la Jumanne. Kwa hiyo Jumatano yupo darasani, jina lake limeitwa, ameitikia, lakini haelewi kinachosemwa. Akizoea kutoelewa, ataanza kuona haya. Akiona haya, atatafuta kichochoro cha kujificha. Ndipo tunamwita mtoro, na sisi ndio tuliomfundisha.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hasara nayo hujaa vivyo hivyo. Shule ni siku tano kwa juma. Mtoto anayekosa siku moja kila juma, kwa miaka mitano amepoteza mwaka mzima wa masomo, ingawa hakuna siku hata moja tuliyosema ameacha shule. Tulichosema ni kwamba sare haijakauka, kuna msiba kwa shangazi, mtu wa kuuza maandazi hayupo, au Ijumaa wanafagia tu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 haikuishia kwenye kuandikisha mtoto shule ya msingi. Ilitaka pia ahudhurie. Aidha, ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 ikafutwa hadi kidato cha nne. Mlango umefunguliwa, lakini mtoto aliyebaki nyumbani hawezi kuuingia.

Najua yupo mama lishe anayenisikiliza akisema, "Huyu ana mshahara, hajui shida." Mama, shida yako si ya mzaha. Asiyekuwa na wa kumwachia mtoto mchanga hakosi kwa kupenda. Ndiyo maana jambo hili si la nyumba moja. Jirani anayebaki nyumbani anaweza kumpokea mtoto wa mwenzake, na zamu ikirudi naye atapokelewa. Kondakta wa daladala anayemwacha mwanafunzi kituoni kwa sababu ya nauli yake ndogo ajue kwamba anamwibia somo. Na baba akisema "abaki msichana," aulizwe kwa nini asibaki mvulana, au yeye mwenyewe.

Ikitokea mtoto amekosa kwa ugonjwa au kwa dharura ya kweli, basi jioni hiyo hiyo apelekwe kwa mwenzake anakili kazi, na mzazi amwone mwalimu. Tusingoje mwisho wa muhula tukashangae ripoti.

Binti yangu alizielewa zile sehemu baada ya majuma mawili ya kukaa naye kila jioni. Siku tatu zilinigharimu majuma mawili, nami nina kalamu na nafasi ya kukaa naye. Asiye navyo atalipa nini?

Kesho asubuhi, ndugu msikilizaji, kabla hujasema "leo baki," hesabu kwanza. Hadi juma lijalo, kwaheri.