Mvua Zinazojaza Visima vya Makutupora

Dodoma imekunywa maji ya visima vya Makutupora kwa miongo mingi. Kina cha maji humo kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Vipimo hivyo ni hazina adimu katika nchi za joto. Uchambuzi wake, uliochapishwa mwaka 2013, unatuonyesha jambo zito: mvua za misimu mingi haziongezi kitu chini ya ardhi. Maji hupanda katika miaka michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997/98, mto Kinyasungwe Mdogo unapofurika na kuzama mchangani. Kati ya mafuriko hayo, tunateka akiba. Mji unakua. Kabla ya kuchimba kisima kipya, vipimo hivyo visomwe kwanza, tena hadharani.