Kompyuta Kuukuu Si Kompyuta Mfu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Chake Chake, Pemba)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kompyuta za skuli yetu. Nitasema machache kweli, maana harufu ya pilau imeshaingia ukumbini kabla yangu.

Jana mwalimu wa kompyuta alinifungulia stoo. Nilikuta kompyuta kumi na mbili zimepangwa juu ya madawati mabovu na kufunikwa kanga. Nikamuuliza, "Hizi zimekufa?" Akanijibu, "Hazijafa, mzee. Zinawaka. Lakini zimekataliwa."

Neno lake lilikuwa sahihi. Kila kompyuta ina programu endeshi, yaani ile inayoamka mashine inapowashwa na kuzipa nafasi programu nyingine. Kompyuta zetu zina Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Nyongeza iliyotolewa kwa watumiaji wa majumbani ilipangiwa mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026. Programu isiyohudumiwa haizimiki siku hiyo. Ila tundu jipya la wadukuzi likigunduliwa, halizibwi tena. Ni kama dau lisilotiwa kalafati: leo linaelea, kesho maji yamo ndani.

Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ina masharti yake. Inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na chipu ya ulinzi iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Kwa prosesa za Intel, inataka kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Zetu ni za kizazi cha nne. Mlango umefungwa.

Najua vijana mnanong'onezana kwamba dirisha lipo. Ni kweli. Flashi iliyotayarishwa kwa programu iitwayo Rufus inaweza kuuondoa ukaguzi huo, na Windows 11 ikaingia. Nimefanya hivyo nyumbani kwangu na mashine inakwenda. Lakini Microsoft wenyewe wamesema kwamba kompyuta ya namna hiyo haina dhamana ya kupata masasisho. Tena toleo la 24H2 la mwaka 2024 lilikuja na sharti jipya ndani ya prosesa, na mashine kongwe zaidi hazikuweza kuwaka nalo kabisa. Mtu na mashine yake ajaribu akipenda. Kwa chumba cha skuli, sishauri tuingie kwa dirisha ambalo mwenye nyumba anaweza kulifunga wakati wowote.

Ipo njia ya tatu, nayo ni Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Haiuzwi, na yeyote ana ruhusa ya kuinakili na kuitengeneza. Mojawapo ya matoleo yake, Ubuntu, lilianza mwaka 2004 na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Jingine, Linux Mint 22 la mwaka 2024, limepangiwa masasisho hadi 2029, nalo hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Zetu zina 4. Wala msidhani Kiswahili ni mgeni huko: mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na Wasweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kwa lugha yetu.

Ndugu zangu, sasa nakiri kosa. Miaka mingi nyuma, katika skuli niliyokuwa nikifundisha, niliweka Linux katika kompyuta moja. Nikaulizwa kama nafuta diski yote, nikakubali kwa haraka. Ndani yake mlikuwa na alama za muhula mzima za darasa langu, wala sikuwa na nakala. Tukazikusanya upya kutoka madaftari ya wanafunzi, lakini si zote zilizopatikana. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema alama yake imepungua. Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hivyo nawaomba mfuate utaratibu. Kwanza, nakilini kila kitu, kisha fungueni nakala ile katika mashine nyingine mhakikishe inasomeka. Pili, washeni Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, mwone kama picha, sauti na mtandao vinafanya kazi. Jana jioni tulijaribu mashine moja hivyo, na vyote vilikubali. Tatu, tahadharini na umeme. Tangu Juni 2010 tunaupata kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, lakini ukikatika wakati diski inaandikwa, mtabaki na mashine nusu. Tumieni betri ya akiba. Nne, maliza moja ndipo uanze nyingine.

Sitaki kuwadanganya. Programu ya hesabu za fedha ya ofisi imetengenezwa kwa Windows, na huenda isikubali kwenye Linux. Baadhi ya hati za Word nazo hufunguka zikiwa zimepinda kidogo. Kwa hivyo ofisi ipate kompyuta mpya.

Umoja wetu umekusanya fedha za kompyuta mpya mbili. Ombi langu ni kwamba tununue moja tu, ya ofisi. Fedha za ile ya pili zinunue diski mpya za kasi kwa hizi kumi na mbili, kadiri zitakavyotosha, na betri za akiba. Kisha Mwalimu Mkuu achague wanafunzi sita wa kidato cha pili na cha tatu wakabidhiwe chumba kile, na kila anayeondoka amfundishe anayebaki. Kompyuta zile hazikuwekwa stoo na Microsoft peke yake. Ziliwekwa stoo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeambiwa, "Hizi ni zako, zitunze."

Mimi nipo Chake kwa wiki mbili. Kesho saa kumi jioni nitakuwa katika chumba kile. Mwenye flashi aje nayo.