Gari la Msaada Bila Fundi



Miaka ya 1980, Barry Coleman wa Uingereza alifika Somalia akakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetelekezwa. Nyingine zilikuwa bado karibu mpya. Zilikosa vipuri vidogo na mtu wa kuzitunza. Yeye na mkewe Andrea, pamoja na Randy Mamola, wakaanzisha Riders for Health. Huko, pikipiki hufanyiwa sevisi kabla haijaharibika.

Chanjo nyingi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Gari likikwama, barafu huyeyuka, na mama aliyetembea na mtoto mgongoni hurudi bila chanjo. Huenda asije tena.

Basi shirika likileta gari hapa, liulizwe kwanza: sevisi atalipa nani?