Ukuta wa Kompyuta Yako: Tuchague Upi?

Mada iliyotolewa na Idara ya Habari na Mawasiliano katika warsha ya makatibu na wahasibu wa vituo



Mada hii mliiomba ninyi wenyewe katika warsha iliyopita: ni programu ipi ya faiawoli inafaa kwa kompyuta binafsi ya Windows? Wengi mlitaja majina kabisa, mkitaka tuseme moja tu mkanunue. Tutafika huko, lakini tunaomba mtuvumilie kidogo, maana anayenunua kufuli bila kujua mlango wake ulivyo anaweza kurudi nyumbani na kufuli lisiloingia.

Faiawoli kwa maana yake ni ukuta wa kuzuia moto usivuke. Leo tutasema ukuta tu. Kompyuta iliyounganishwa kwenye mtandao ina milango yenye namba, na namba hizo zinafika 65,535. Programu inayotaka kupokea wageni hukaa nyuma ya mlango wake ikingoja kugongewa. Mlango namba 445, kwa mfano, ndio Windows hutumia kushirikisha mafaili na printa ofisini. Namba 3389 ni wa kuendesha kompyuta kutoka mbali. Kazi ya ukuta ni kuamua nani akigonga asikike na nani apuuzwe. Wasomaji wa kitabu cha Nehemia mtakumbuka kwamba sura ya tatu inashughulika sana na malango, na baada ya ujenzi wakawekwa mabawabu. Tukiruhusiwa utani, Nehemia angetufaa sana katika idara yetu.

Watu wengi wanadhani kirusi huingia kwa kufungua barua pepe mbaya tu. Si kweli. Mwezi Agosti 2003 ulitokea mnyoo ulioitwa Blaster. Haukuhitaji mtu afungue chochote. Ulipitia mlango namba 135, na mwenye Windows XP aliyeunganisha modemu yake aliweza kuona kompyuta inahesabu sekunde 60 kisha inajizima, tena na tena. Dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa mwezi Julai mwaka huo huo. Na tuseme ukweli, Windows XP ilikuja na ukuta tangu ilipotoka mwaka 2001, ila ulikuwa umezimwa, na mtumiaji wa kawaida hakujua hata kwamba upo. Ni katika Agosti 2004, katika maboresho yaliyoitwa Service Pack 2, ndipo ukuta wa Windows ulianza kuwashwa wenyewe.

Katika miaka ile wataalamu walishauri kila mtu aweke ukuta wa kampuni nyingine. Baadhi yenu mtakumbuka ZoneAlarm, Kerio na Sygate. Sababu ilikuwa ya haki. Ukuta wa XP ulichunguza wanaoingia tu, haukuwauliza wanaotoka. Kirusi kilichokwisha kuingia kiliweza kutuma siri zako nje bila kuulizwa. Ushauri ule bado unarudiwa na mafundi wengi hadi leo, ingawa mambo yamebadilika. Tangu Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, ukuta wa Windows unaweza kuzuia pande zote mbili, japokuwa kwa kawaida yake huwaachia wanaotoka mpaka wewe uweke sheria.

Sasa tusimulie jambo lililotupata wenyewe, maana tusipolisema hapa litaendelea kusemwa pembeni.

Katika ofisi yetu moja mwaka 2018 kulikuwa na kompyuta mbili na printa moja. Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya barua na taarifa. Ya pili ilikuwa ya mhasibu, na ndani yake mlikuwa na daftari la mikopo ya vikundi vya akina mama. Fundi aliyekuja kuunganisha printa alihangaika nusu siku haionekani kwenye kompyuta ya pili. Mwishowe akauzima ukuta wa kompyuta ile, printa ikaonekana, akalipwa akaondoka. Ukuta haukuwashwa tena. Hakuna aliyeuliza.

Miezi michache baadaye kijana wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alisikia kwamba ukuta wa Windows ni dhaifu, akatafuta programu maarufu ya kulipia na kuipata bure, ile iliyovunjwa kufuli na kupitishwa mkononi. Akaipakia kwenye kompyuta ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia. Kirusi kikapiga hodi mlango namba 445 wa kompyuta ya mhasibu, ambao haukuwa na bawabu, wala masasisho hayakuwa yamewekwa. Jumatatu asubuhi mhasibu alikuta kila faili limebadilishwa jina na barua ya kudai fedha katikati ya skrini.

Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa kwenye flashi iliyoachwa imechomekwa, nayo ikafungwa pamoja na vingine. Hatukulipa. Tulirudi kwa akina mama tukaomba vitabu vyao vya malipo, tukaandika upya mstari kwa mstari kwa wiki kadhaa. Mama mmoja alikuwa amemaliza deni lake lote, lakini kitabu chake kilikuwa kimeloa mvua na kurasa za mwisho hazisomeki. Alikaa mbele yetu akatuambia, "Wanangu, mimi nilileta hela yangu hapa hapa mezani." Wenzake wa kikundi walisimama wakamshuhudia, na kamati ikapokea ushahidi wao. Lakini alilazimika kushuhudiwa kama mtuhumiwa kwa kosa ambalo lilikuwa letu. Tulimwomba radhi, na leo tunamwomba tena, maana tumeambiwa jarida hili linafika kikundini kwao.

Tukitoka hapo, tujibu swali lenu. Kwa kompyuta binafsi yenye Windows 10 au 11, ukuta uliokuja nayo unatosha kwa wengi wetu, mradi umewashwa na umeelezwa ukweli kuhusu mtandao uliopo. Windows hukuuliza kama mtandao ni wa faragha au wa hadhara. Kwenye waifai ya hoteli, ya stendi, ya chuo, au ya simu ya mtu usiyemfahamu, chagua wa hadhara. Hapo kompyuta inajificha na milango ya kushirikisha mafaili inafungwa. Wa faragha ni wa nyumbani na ofisini tu. Jibu hili moja, ambalo wengi hubofya bila kusoma, lina uzito kuliko jina la programu.

Mnaotaka zaidi ya hapo, kwa mfano mnaotunza taarifa za wagonjwa kwenye zahanati zetu, mnaweza kuongeza udhibiti wa wanaotoka. Kabla ya kuchagua, angalieni jinsi programu inavyouliza maswali. Tuliwahi kutumia moja ambayo kila baada ya dakika chache ilileta dirisha: programu yenye jina lisilotamkika inataka kwenda kwenye intaneti, iruhusiwe au ikataliwe? Siku ya kwanza katibu alitupigia simu kwa kila swali. Siku ya tatu alianza kuruhusu yote. Mwenzake wa ofisi ya pili, mtu mwoga zaidi, alikataa yote, na masasisho ya kinga ya virusi yakasimama bila mtu kujua. Sisi hatuwalaumu. Programu inayouliza swali ambalo mwenye kompyuta hawezi kulijibu haimlindi, inamchosha. Ndiyo maana tunaipenda zaidi TinyWall, ambayo ni ya bure, inatumia mfumo ule ule wa Windows kuzuia, na haikurushii madirisha. Unaonyesha programu unazoziamini, nyingine hazitoki.

Wenye kinga ya virusi ya kulipia, nyingi huja na ukuta wake. Huo nao si vibaya, ila usiwashe kuta mbili kwa pamoja, zitagombana na wewe utakosa intaneti. Na leseni inapoisha, angalia siku hiyo hiyo ni ukuta upi umebaki kazini.

Msidhani pia kwamba ukuta wa gharama hauna ufa. Mwaka 2004, mwezi Machi, mnyoo ulioitwa Witty ulishambulia kompyuta zilizokuwa na ukuta wa kampuni moja ya ulinzi, zikiwemo zenye BlackICE, ukaharibu data kwenye diski zao. Aliyekuwa hana programu ile hakuguswa. Ukuta nao ni programu, unahitaji masasisho kama nyingine.

Kuna mambo ambayo ukuta hauyawezi, na hapa tutapita haraka. Hauzuii kirusi cha flashi: Conficker ya mwaka 2008 ilipita mtandaoni na kwenye flashi pia. Hauzuii kile ulichokipakia mwenyewe kwa mkono wako. Wala haufidii masasisho. WannaCry, tarehe 12 Mei 2017, ilipita mlango namba 445 na kutikisa hata hospitali za Uingereza, wakati dawa ilikuwa imetolewa tangu Machi. Wenye Windows 7 wajue masasisho yake ya bure yalikoma Januari 2020, na ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya namna hiyo yenye daftari la watu, kama hakuna fedha ya kuibadilisha, iondoeni kwenye mtandao itumike peke yake.

Mchana tutafanya kwa vitendo. Kila mmoja afungue Windows Security, aingie sehemu ya ukuta na mtandao, aone kama mistari yote mitatu inaonyesha umewashwa. Ukikuta umezimwa, usione aibu, nyosha mkono. Wenye printa za kushirikisha mbaki nasi, tutawaonyesha jinsi ya kuruhusu printa peke yake bila kuubomoa ukuta mzima. Na mliokuja na flashi zenye nakala za akiba, tafadhali zichomoeni sasa kabla hatujakwenda chai.